Chokaa, saruji na mkupuo wa mstaafu

Mtumishi anayestaafu Dodoma au Mwanza, kisha akanunua nyumba ya mawe ya matumbawe Bagamoyo, Pangani au Mikindani, hukutana mapema na ushauri uleule: bandua lipu yote ya zamani, piga saruji, maliza kazi kabla fedha hazijakwisha. Ushauri huo hautolewi na wajinga. Saruji ipo katika kila duka la vifaa vya ujenzi, bei yake inajulikana na kila fundi ameizoea. Chokaa huzimwa kwa maji na kuachwa ikomae, hukauka polepole, na mafundi wake wamebaki wachache. Mgeni wa mji asiye na ndugu wa kumsimamia kazi ana haki ya kuogopa kuachiwa kuta nusunusu na ahadi nyingi. Tena uchomaji wa chokaa kwa njia ya asili hula magogo na matumbawe, jambo ambalo wapenzi wa majengo ya kale hupenda kulipita kimyakimya.

Hata hivyo, chokaa imeonewa. Husemwa kuwa ni anasa ya wahifadhi na watalii, ilhali ukuta wenyewe ndio unaoidai. Kuta hizi nene hazikuwekewa kizuizi cha maji kwenye msingi. Hunyonya unyevu wa ardhini pamoja na chumvi, kisha huutoa kupitia lipu ya chokaa. Zikifunikwa kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea na hupanda juu zaidi, nayo chumvi hujikusanya nyuma ya lipu mpaka ibambuke na kuondoka na vipande vya jiwe. Kibaya zaidi hakionekani: ncha za boriti za mikoko zilizozama ukutani huoza taratibu, na mwenye nyumba hupata habari dari inapoanza kubonyea.

Hapa ndipo kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, kinapoingia, nami hushangaa kwamba hakitajwi katika mjadala huu. Tangu Julai 2022 mkupuo, yaani fedha anazolipwa mstaafu kwa mara moja, ulikuwa asilimia 33 ya mafao. Bajeti ya 2024 ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata asilimia 50 kabla ya mabadiliko hayo ya 2022, na asilimia 35 kwa lile la asilimia 25. Manung'uniko juu ya viwango hivyo yana msingi, lakini kwa mwenye nyumba maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya fedha zake huja kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi. Saruji huenda kinyume na mpangilio huo: humeza mkupuo kwa mara moja, na lipu inapobambuka hudai mkupuo wa pili ambao haupo. Chokaa hudai kidogo na mara kwa mara: kupaka kuta upya baada ya masika, kuziba ufa ukiwa bado mwembamba, kubadili boriti moja kabla dari nzima haijaharibika. Wengi huuita usumbufu huo udhaifu wa chokaa. Kwa anayeishi kwa pensheni ya mwezi, mimi nauona kuwa sifa yake kuu.

Hoja ya umri inabaki, wala sina jibu lake kamili, kwa kuwa mtu wa miaka 60 anaweza kumsimamia fundi kila mwaka, lakini wa miaka 80 huenda asiweze. Saruji nayo ina mahali pake katika nyumba hiyohiyo: karo la choo, tangi la maji, na jiko jipya lililojengwa uani, mbali na ukuta wa zamani.