Maiki iko mezani, inayorekodi ni laptopu

Wiki iliyopita nililetewa rekodi nisafishe. Bibi mmoja wa Pangani anasimulia harusi za ujana wake, na katikati anaimba nyimbo walizokuwa wakiimba wakisuka ukili. Sauti yake inatoka mbali, kama yuko chumba cha pili, na juu yake feni ya laptopu inavuma mwanzo hadi mwisho. Nikampigia kijana aliyerekodi. Akaapa maiki ya USB ilikuwa mbele ya bibi, akanitumia na picha. Kweli ipo, taa yake inawaka. Lakini kwenye faili, vidole vinavyobofya kibodi vinasikika karibu kuliko mdomo wa bibi. Audacity, programu aliyorekodia, ilikuwa inasikiliza kile kimaiki cha laptopu yenyewe.

Kijana simlaumu. Nawalaumu wanaomfundisha. Mafunzo ya kurekodi yanatumia siku nzima kwenye kuondoa kelele na kuongeza besi, halafu suala la chanzo cha sauti linapitwa kwa sentensi moja: chomeka maiki, bonyeza kitufe chekundu. Hapo ndipo kazi inapoharibika!

Kompyuta haijui nia yako. Audacity ikifunguliwa huorodhesha vifaa inavyoviona wakati huo, na kwenye matoleo mengi maiki uliyoichomeka baadaye haimo mpaka ubonyeze Rescan Audio Devices, au uifunge programu na kuifungua tena. Hata ikishaingia kwenye orodha, bado ni wewe wa kuichagua: kuanzia toleo la 3.2 unaingia kitufe cha Audio Setup, kisha Recording Device. Mtu mmoja na maiki moja, chagua mono, yaani mkondo mmoja wa sauti, usije ukapata bibi anayesikika sikio la kushoto tu. Wa Windows, angalieni pia sehemu ya Host. Ukiweka WASAPI, njia mojawapo ya Windows ya kupitisha sauti, na kifaa chenye neno loopback, unarekodi sauti inayotoka kwenye kompyuta, si ya chumbani. Kwa kunasa redio ya mtandaoni inafaa sana. Kwa mahojiano utaondoka na ukimya.

Kisha hakikisha kwa mkono. Kwaruza taratibu kichwa cha maiki huku ukitazama mita ya sauti kwenye programu, halafu kwaruza ukingo wa laptopu. Mita ikiruka zaidi kwa laptopu, simama hapo hapo, usimwambie mzee aanze. Ikiwa sawa, mwache azungumze kidogo, upandishe au ushushe kiwango mpaka vilele vya sauti vicheze kati ya desibeli -12 na -6. Mita ikigonga sifuri, sauti inachanika.

“Utasafisha baadaye.” Neno hili limetupotezea sauti nyingi za wazee. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Noise Reduction, zana ya Audacity ya kupunguza kelele, inafanya kazi: unaionyesha sekunde chache za kelele tupu, inapunguza mvumo wa aina hiyo popote ulipo. Ila mwangwi wa kuta hauondoi. Na mvumo wa feni umekaa mahali pamoja na “s”, “sh” na “f” za msemaji, kwa hiyo ukiufuta unafuta na herufi zake. Katika wimbo wa bibi nilipokaza kidogo tu, kila “sh” ikageuka mlio wa maji. Nikaacha. Afadhali wajukuu wamsikie na feni yake kuliko wasielewe anachoimba.

Wanaosema simu inatosha wana haki yao: simu iliyo karibu na mdomo inaishinda laptopu iliyo mbali.

Wewe unayeandaa mafunzo mwezi ujao, nakuomba. Usiwafungulie menyu ya Effect, yenye zana za kusafisha na kuongeza besi, mpaka kila mwanafunzi aonyeshe kwa kidole ni maiki gani inayosikiliza, arekodi sentensi moja, avae hedifoni na aisikilize. Muda ukibana, kata somo la besi.