Billy Wagner: je, iningi 903 zinatosha?

Januari 2025 Billy Wagner alichaguliwa kuingia Ukumbi wa Umashuhuri wa besiboli huko Cooperstown, kwa asilimia 82.5 ya kura za waandishi. Ilikuwa mara yake ya kumi kupigiwa kura, na kikanuni ya mwisho. Mara ya kwanza, mwaka 2016, aliambulia asilimia 10.5. Mwaka 2024 alipungukiwa kura tano tu kufikia asilimia 75 inayotakiwa. Muda wote huo alikuwa ameshastaafu, hajarusha mpira hata mmoja. Waliobadilika ni wapiga kura, na hasa mahesabu yao.

Wagner alikuwa mrushaji wa kufunga mchezo. Anaingia iningi ya 9, yaani kipindi cha mwisho cha mchezo, timu yake ikiongoza kwa pointi chache, anawatoa wapigaji watatu, watu wanakwenda nyumbani. Akiulinda uongozi huo anaandikiwa sevu. Yeye alikusanya sevu 422, wafungaji wenzake Trevor Hoffman 601 na Mariano Rivera 652, na kwa wengi mjadala uliishia hapo.

Lakini sevu ni kipimo cha hovyo, na nitalisema hivyo bila kumumunya maneno. Mrushaji anayeingia timu ikiwa mbele kwa pointi tatu, akaruhusu mbili, kisha akaponea chupuchupu, anaandikiwa sevu ileile ya mwenzake aliyelinda pointi moja bila kuguswa.

Tazama kilichotokea uwanjani kwenyewe. Wagner aliwatoa kwa straiki tatu (mirusho mitatu iliyowashinda) wapigaji 1,196, karibu mmoja kati ya kila watatu waliosimama mbele yake. (Na huyu ni mtu aliyezaliwa akitumia mkono wa kulia, akauvunja utotoni, akajifunza kurusha kwa wa kushoto.) ERA yake, yaani pointi anazoruhusu kwa kila iningi 9, ni 2.31, ya Hoffman ni 2.87. Kipimo cha ERA+ kinazingatia pia viwanja na kiwango cha ligi ya wakati huo, na mrushaji wa kawaida hupewa 100; hapa kubwa ndiyo bora. Hoffman ana 141, Wagner 187, Rivera 205. Kwa ubora wa kila iningi, Wagner yuko jirani na Rivera kuliko alivyo na Hoffman, aliyemtangulia Cooperstown kwa miaka saba.

Sasa upande wa pili, na hapa nawaelewa waliomkatalia. Iningi 903, jumla ya alizorusha, ni kidogo mno. Enzi zake mrushaji mzuri wa kuanza mchezo alifikisha 200 kwa msimu, kwa hiyo kazi yote ya Wagner, tangu 1995 hadi 2010, ni kama misimu minne na nusu ya mtu huyo. Ndiyo maana WAR, inayokadiria ushindi ambao mchezaji aliiongezea timu kuliko mbadala wa kuokoteza, inampa takriban 28 tu. Hoffman naye ana 28, Rivera 56.

Watetezi hujibu kwamba iningi hizo chache ndizo zilizokuwa moto. Kweli, na tovuti ya Baseball-Reference inalizingatia hilo katika WAR, ila kwa nusu tu: mfungaji asipokuwepo, kocha hamwiti mtu wa barabarani, humpandisha mrushaji wa akiba anayefuata kwa ubora. Hoja hiyo naiona nzito kuliko ya sevu, na sijasikia ikijibiwa vizuri.

Kuna doa la mechi za mtoano pia: iningi 11 na theluthi mbili, ERA 10.03. Mashabiki wa Mets, timu yake ya wakati huo, bado wanamkumbuka mpigaji So Taguchi alivyompiga houmu rani, pigo la pointi ya moja kwa moja, mwaka 2006. Ni sampuli ndogo, lakini huwezi kuitupa halafu ukamsifia Rivera kwa ERA yake ya 0.70 katika mechi hizohizo. Tofauti ni kwamba Rivera alirusha iningi 141 huko.

Mimi ningempigia kura, kwa shingo upande kidogo. Msimu wake wa mwisho, akiwa Atlanta na umri wa miaka 39, alimaliza na ERA ya 1.43 na sevu 37, kisha akaenda zake nyumbani kwa familia. Angeng'ang'ania miaka miwili mitatu zaidi, hata kwa kiwango cha kawaida tu, sevu zingekaribia 500 na ERA ingeharibika. Nadhani wangempitisha mapema zaidi.