Udongo Siyo Samaki wa Feri

Mwezi wa pili, jua likiwa kali, nilichimba mifuko kumi na miwili ya udongo kwenye bustani za mchicha bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Foleni ikanila, nikafika maabara jioni na faneli zote za kutolea wadudu kwenye udongo zina kazi. Mwenzangu akasema weka kwenye friza, tutaanza Jumatatu. Nikaweka. Tulipokuja kuutoa ule udongo, taa ziliwaka juu yake siku tano, na kwenye vichupa vya spiriti hakukuwa na kitu ila vumbi.

Mama mwenye bustani alikuwa ameniuliza, "Mwanangu, udongo wangu utaniambia nini?" Sikuwa na jibu la kumpelekea, na mpaka leo linaniuma.

Hapa mjini tumezoea kwamba kisiharibike kiwekwe kwenye barafu. Kwa samaki wa soko la Feri ni kweli. Lakini faneli aliyoibuni Mwitaliano Berlese mwaka 1905 kwa maji ya moto, na Tullgren wa Sweden akaja kuiwekea balbu, inategemea miguu ya mdudu mwenyewe. Udongo unakauka kuanzia juu, utitiri na kolembola, vijidudu vidogo vya udongoni, wanakimbia joto na ukavu, wanashuka, wanapenya wavu na kudondokea kwenye spiriti. Aliyekufa hashuki. Minyoo fundo, ile midogo inayovimbisha mizizi, nayo tunaitoa kwa maji, na lazima iwe hai ili ipenye kitambaa. Friza iachiwe wanaopima DNA.

Friji ya kawaida ni afadhali, ila nayo si ya kuamini kichwa kichwa. Digrii 4 tunazozikariri zinafaa zaidi udongo wa nchi za baridi. Minyoo ya ukanda wetu inaweza kuumizwa na baridi hiyo, ndiyo maana kwa sampuli za tropiki hushauriwa digrii 10 hadi 15. Mimi natumia deli, barafu nimeifunga kwa magazeti isiguse mifuko. Kuacha mifuko ndani ya gari lililofungwa juani ni kuipika.

Hata ikihifadhiwa vizuri, mle ndani maisha yanaendelea: mayai yanaanguliwa, utitiri wawindaji wanakula wenzao. Baridi inapunguza mwendo tu.

Kwa hiyo jibu la sifuri lisilo na tarehe ya kuchimba, tarehe ya kuanza kutoa wadudu na joto la hifadhi, kwangu halifai kumpa mkulima. Atapanda nyanya akiamini shamba ni safi, kumbe minyoo ilifia kwetu na mingine imebaki kwake inasubiri mizizi. Umeme ukikatika usiku kucha, hilo nalo liandikwe.

Faneli zetu ni nane. Siku hizi nachimba mifuko minane, alfajiri, na kabla ya saa sita mchana taa zimeshawashwa.