Nyonga bandia: kupanda treni kwenda Dar au kupasuliwa Dodoma?

Familia ya Dodoma ikishaambiwa mama anahitaji nyonga bandia, kikao cha ndugu hakichelewi kufika kwenye jina la daktari. Mmoja ana namba ya bingwa wa Dar es Salaam. Mwingine anamjua mtu aliyepasuliwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapo hapo Dodoma, akatoka anatembea. Wa tatu anasema hospitali ya serikali hupangi, unapangiwa. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, ila huyu wa pili ndiye anayenyamazishwa haraka, na kwa sababu ambayo haijapimwa vizuri.

Hoja ya Dar ina uzito. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ipo kisheria tangu 1996, na viungo bandia ni kazi yake ya kawaida. Upasuaji huu unataka mkono uliozoea. Kikombe cha nyonga, yaani tundu bandia linaloshika kichwa cha paja, hugongwa kwenye mfupa kikiwa na mwinamo wa digrii 40 hivi, huku kikitazama mbele kwa digrii 15 hivi. Kikisimama wima mno, plastiki yake inalika upande mmoja na kichwa kinakuwa rahisi kuchomoka. Shina la chuma linaloingia ndani ya paja likiwa nene kuliko uwazi wa mfupa, paja linapasuka. Likiwa jembamba mno linazama na mguu unafupika. Hayo yote huamuliwa ndani ya saa moja au mbili, na aliyeyafanya mara nyingi hukosea mara chache.

Namba inayotajwa sana hapa ni 35. Ilitoka kwenye utafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, uliochapishwa 2014: madaktari waliobadilisha nyonga chini ya 35 kwa mwaka walikuwa na wagonjwa wengi zaidi waliochomoka nyonga, na wengi zaidi waliorudiwa upasuaji. Wanaoisikia wanakata tiketi ya treni siku hiyo hiyo. Lakini namba hii inafaa kuchunguzwa vizuri.

Kwanza, 35 kwa mwaka ni kama 3 kwa mwezi. Si kiwango cha daktari mmoja maarufu nchi nzima. Pili, inahesabu mikono ya daktari, haihesabu jengo. Hospitali ikibadilisha nyonga 80 kwa mwaka na kazi ikagawanywa kwa mabingwa 5, kila mmoja ana 16. Bingwa wa hospitali ndogo anayefanya zote 40 peke yake anamshinda kila mmoja wao. Anayekwenda Dar kwa sababu ya jina la taasisi, bila kujua atashikwa na nani, hajachagua daktari bado. Amechagua mji. Tatu, na hili ndilo linalorukwa: ndani ya miaka 2, nyonga zilizochomoka zilikuwa chini kidogo ya 2 kwa kila wagonjwa 100 kwa madaktari wa idadi ndogo, na zaidi kidogo ya 1 kwa wale wa idadi kubwa. Tofauti ipo na ni ya kweli, ila haifiki mgonjwa mmoja kati ya 100. Tena ilipimwa mahali ambapo kurudi hospitali si safari ya kuuza mbuzi.

Sasa mweke mama huyo Kondoa au Mpwapwa, siku ya 9 baada ya upasuaji. Bandeji ina doa la majimaji ya njano, kama sarafu. Jana lilikuwepo, leo limepanuka. Hana homa kali, anakula, na kila mtu nyumbani anasema ni kidonda kinajisafisha. Kidonda cha nyonga au goti kinachoendelea kulowesha bandeji kupita siku 5 hadi 7 si cha kusubiri tarehe ya kliniki. Wadudu wakishafika kwenye chuma wanajenga utando ambao dawa haipenyi. Katika wiki 3 au 4 za mwanzo daktari bado anaweza kufungua, kuosha, kubadilisha kichwa na plastiki, na kukiokoa kiungo. Baada ya hapo mara nyingi chuma chote kinang'olewa, mgonjwa anakaa miezi akiwa na saruji yenye dawa ya kuua wadudu mahali pa kiungo, kisha anapasuliwa tena.

Aliyepasuliwa Dodoma anaweza kulala ndani ya gari asubuhi na kuonwa mchana na mtu aliyemshona. Aliyepasuliwa Dar anapiga simu. Anaambiwa atume picha, kisha aje. Treni ya mwendokasi iliyoanza safari za Dodoma 2024 imepunguza sana makali ya kilomita zile 450, lakini kutoka Kondoa lazima kwanza ufike stesheni, ukae na nyonga mpya kwenye kiti, na uwe na pa kulala. Kinachofuata ni kile kile siku zote: kapsuli za duka la dawa. Amoksilini ya siku tano inakausha doa juu, inaacha usaha chini, na hata kipimo cha kuotesha wadudu kinaharibika.

Kuna na maisha ya nyumbani. Nyonga mpya kwa wiki 6 hadi 12 haipendi kukunjwa kupita digrii 90, na hasa kukunja huku goti likiingia ndani. Kigoda cha jikoni, jamvi na choo cha kuchuchumaa vyote vinavunja sharti hilo. Mtaalamu wa mazoezi tiba anayejua nyumba za Bahi na Kongwa atamwambia mtoto wa mgonjwa atengeneze kiti cha choo cha mbao, urefu wa sentimita 45 au zaidi, kabla mama hajarudi. Karatasi yenye picha ya choo cha kukaa haimsaidii.

Kwa hiyo uchaguzi wa maana kwa mtu wa Dodoma ni wa ndani ya hospitali yake, na unawezekana hata kwenye foleni ya umma. Kliniki za mifupa zina siku, na siku zina mabingwa wake. Muulize muuguzi wa kliniki: nani hapa anafanya nyonga nyingi zaidi, na anaona wagonjwa siku gani? Kisha muulize daktari mwenyewe amefanya ngapi mwaka uliopita, ngapi zimepata usaha, na kama ni yeye atakayeshika kisu au atasimamia anayejifunza. Hilo la mwisho si baya. Bingwa akiwa amesimama mezani, mwanafunzi si hatari. Uliza vipandikizi vya saizi zote vitakuwepo siku ile, kwa sababu shina la saizi isiyofaa huingizwa pale saizi sahihi inapokosekana kwenye seti. Si ukorofi kuuliza hayo. Daktari anayehesabu kazi yake hukujibu bila kukunja uso.

Wapo wa kwenda Dar, na wasicheleweshwe. Kijana mwenye selimundu ambaye kichwa cha paja kimekufa: uwazi wa mfupa wake huwa mwembamba na mgumu, damu yake inapaswa kuandaliwa kabla, na hatari ya maambukizi iko juu. Mwenye nyonga bandia iliyolegea inayotaka kutolewa. Aliyewahi kupata usaha au kifua kikuu cha mfupa huo. Hawa wanahitaji mkono uliozoea shida yao hasa, na barua ya rufaa itaje hivyo waziwazi.

Popote atakapopasuliwa, kila kipande kinatoka kwenye boksi kikiwa na stika: jina la mtengenezaji, saizi, namba ya toleo. Kwa ajili ya kumbukumbu za namna hii, Malawi walianzisha daftari lao la taifa la viungo bandia 2005. Mgonjwa wa hapa aombe stika hizo zipigwe picha na abaki nazo. Takwimu za nje zilizokusanywa hadi 2019 zinaonyesha kama goti 82 kati ya 100 na nyonga 58 kati ya 100 bado zinafanya kazi baada ya miaka 25. Kufikia hapo daktari aliyechaguliwa leo huenda amestaafu, na atakayefungua mguu huo atataka kujua kama aagize kichwa cha milimita 28 au 32.