Kesi za majeruhi wa reli Marekani: nani achague mahakama?

Mfanyakazi wa reli Marekani akibanwa mkono kati ya mabehewa, hana fidia ya moja kwa moja kama ya mwenzake wa kiwandani. Inambidi aishtaki kampuni yake kwa sheria ya shirikisho ya 1908 na kuonyesha kwamba uzembe wa kampuni ulichangia ajali, hata kidogo. Kama kiungio cha mabehewa kilikataa kujifunga chenyewe yalipogongana, uzembe hauhitaji kuthibitishwa. Ana miaka 3 ya kufungua madai, katika mahakama ya jimbo au ya shirikisho. Akichagua ya jimbo, kampuni haiwezi kuihamishia kesi kwenye ya shirikisho. Bunge liliufunga mlango huo mwaka 1910.

Kampuni zinalalamika, na si bure. Sheria ni ya shirikisho, basi kwa nini itafsiriwe na majimbo 50? Tena mdai anaweza kwenda mbali. Katika shauri la Mallory la 2023, mtu aliyefanya kazi Ohio na Virginia aliishtaki kampuni ya reli ya Norfolk Southern huko Pennsylvania, na Mahakama ya Juu, majaji 5 kwa 4, haikuona kosa jimbo hilo kuhesabu usajili wa kampuni kuwa ni kukubali kushtakiwa huko.

Lakini ugomvi hasa uko kwenye juri, yaani raia wanaoamua kesi. Katika mahakama ya shirikisho wanajuri lazima wakubaliane wote, isipokuwa pande zote mbili ziridhie vingine. Jimbo linaweza kuridhika na wingi wao, na tangu 1916 Mahakama ya Juu imeruhusu hivyo hata kwa madai haya. Mjuri mmoja mgumu akitosha kukwamisha hukumu, kampuni hutoa kidogo kwenye mapatano ya nje ya mahakama. Mtu aliyepoteza mkono, asiye na fidia nyingine, asinyang'anywe uchaguzi huo. Marufuku ya 1910 ibaki.

Kwa asiye mfanyakazi, tuseme dereva aliyegongwa kwenye makutano ya reli na barabara, mambo ni mengine. Kampuni inaweza kuhamisha kesi ndani ya siku 30 baada ya kupokea hati, ikiwa wadaiwa na mdai ni wa majimbo tofauti na madai yanazidi dola 75,000. Ndiyo maana mawakili humshtaki pia dereva wa treni anayeishi jimbo moja na mdai. Kama hana kosa lolote, ni hila, na miezi hupotea kwa majeruhi mwenyewe. Ila kosa lake linaweza kuwa la kweli: kanuni inataka honi ipigwe sekunde 15 hadi 20 kabla ya makutano, ndefu mbili, fupi moja, ndefu moja. Wakili adai data ya kinasa matukio cha kichwa cha treni siku ile ile ya kwanza, kabla haijafutika.

Na kesi ya mfanyakazi ikihamishwa kimakosa, ombi la kuirudisha lipelekwe ndani ya siku 30. Zikipita, mahakama nyingi huhesabu kwamba ameiachia haki yake, na kesi hubaki huko huko.