Bustani Gani Inamwagiliwa Usiku?

Mimi sina ugomvi na mtu. Nataka tu, Jumamosi moja katika maisha yangu, nikae kwenye kochi nililomaliza kulilipia juzi, niangalie sizoni mwanzo mpaka mwisho bila mtu kupiga kelele "simamisha hapo hapo!"

Aliyeleta balaa ni shemeji yangu, mdogo wake mama watoto. Yuko chuo, anasoma mambo ya kompyuta, lakini darasa lake ni sebule yangu. Ndiye aliyekuja na flashi yenye tamthilia ya Kimarekani, Severance. Kama hujaiona: kuna kampuni inaitwa Lumon, wafanyakazi wake wanapachikwa chipu kwenye ubongo. Ukiingia kwenye lifti kushuka kazini, ya nyumbani yote yanafutika. Hujui kama una mke, una mtoto, wala una kodi ya miezi sita inakusubiri. Ukipanda kutoka, ya kazini nayo yanafutika. Mtu mmoja anakuwa wawili, wa chini na wa juu, na hawajuani. Nilipoelewa nikasema hii sasa ndiyo kazi. Mimi ni karani wa stoo. Hiyo chipu ningeifuata kwa nauli yangu.

Halafu huko wafanyakazi wanaandaliwa tafrija, wanakatiwa matikiti. Sisi tunapewa kalenda, tena ikifika Februari.

Sizoni ya kwanza iliisha Aprili 2022, pale stelingi, Mark, anapogundua kwamba mke wake, aliyeambiwa alikufa kwa ajali ya gari, yu hai, tena yuko huko huko kazini kwake. Halafu kimya. Karibu miaka mitatu! Mtoto wangu aliyekuwa anatambaa akaanza chekechea. Sizoni ya pili ikaja Januari 2025, kila Ijumaa episodi moja, kwetu inafika Jumamosi usiku, nami nimeshamkuta shemeji ameiva kwa nadharia. Ana daftari. La chuo liko tupu, hili limejaa.

Basi fikiria baraza lenyewe. Shemeji kashika rimoti, anasimamisha picha kila dakika mbili kukagua saa ya ukutani, huku uniti za umeme wa LUKU zinakimbia, na aliyezinunua ni mimi. Jirani wa chumba cha uani anakuja na kigoda chake na dhana yake moja, kwamba yule mzee mwanzilishi wa kampuni, Kier, marehemu wa siku nyingi, anataka kufufukia ndani ya mwili wa Mark. Mama watoto hana nadharia, ana macho tu. Na kuna Bibi.

Bibi yangu ametoka Rufiji kutibiwa mtoto wa jicho. Jicho moja limeshafanyiwa, la pili linangoja zamu. Kizungu hajui, kwa hiyo shemeji anamtafsiria, na tafsiri yake ni kama za kwenye vibanda vya video: mtu akisema neno moja, yeye anasema kumi na tusi moja.

Episodi ya kwanza ya sizoni hiyo ya pili, wafanyakazi wanasimuliana walichokiona huko juu, maana walipata upenyo wakatoka kwa dakika chache na akili zao za kazini. Dada mmoja mfanyakazi mwenzao, Helly, akasema hakuona la maana, alikutana na mtunza bustani wa usiku basi. Bibi akaacha kutafuna.

"Bustani gani inamwagiliwa usiku? Huyo siye. Huyo mwingine kajitia yeye."

Tukacheka. Shemeji akasema subiri kwanza Bibi, tuangalie ushahidi. Akachunguza ushahidi wiki tatu! Mwendo wa yule dada, macho yake, namna anavyokaa kwenye kiti. Februari, episodi ya nne, mzee mmoja mfanyakazi mwenzao, Irving, akamkamata yule dada, akamzamisha kichwa mtoni mpaka ikajulikana kweli siye: ni Helena, yaani Helly wa juu, binti wa mwenye kampuni, alishuka kujifanya mfanyakazi. Sebule nzima ikaruka. Bibi akaomba chai.

Lakini mbuzi ndio walionimaliza. Huko chini Lumon kuna mbuzi. Sizoni ya kwanza ulifunguliwa mlango, ndani kuna mwanamume ananyonyesha vitoto vya mbuzi kwa chupa, akawafukuza waliochungulia: hawajawa tayari! Basi. Dunia nzima haikulala. Wengine wakasema wanatengeneza nakala za watu, wanaanzia na mbuzi. Shemeji akasema hapana, chipu inajaribiwa kwa mbuzi kwanza, akachora kwenye daftari kichwa cha mbuzi na mishale. Jirani akasema Kier atafufuka kupitia mbuzi, maana yeye lazima Kier afufuke popote. Mimi nilijaribu kusema labda ni maziwa. Hakuna aliyegeuka.

Bibi akauliza, "Nyie mbuzi mnamjua? Mbuzi anafugwa achinjwe. Hiyo ni kafara."

"Bibi, hao ni Wazungu, wana maabara."

"Haya."

Episodi ya mwisho tuliiangalia ndani ya mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, sahani za mihogo ya nazi bado ziko mkekani. Akatokea mama mmoja anamvuta mbuzi kwa kamba, uso umemshuka. Kaingizwa chumbani kwa bwana mkubwa mwenye bunduki ya kuchinjia. Shemeji akawa anatafsiri, sauti ikaanza kupungua: "Anasema… huyu mbuzi atazikwa na mwanamke… ili amwongoze roho yake kwa Kier."

Daftari likafungwa lenyewe.

Unadhani Bibi alijisifu? Yeye kilichomuuma ni kingine. "Anazikwa? Na nyama yake?"

Mbuzi mwenyewe alinusurika, yule mama aligoma, zikapigwa. Ningefurahi, lakini mwisho ndio ukaniharibia nyumba. Mark wa chini anamtoa yule mke wake mpaka mlangoni, mke anatoka, anamgeukia amwite, anagonga kioo, analia. Mark anatazama nyuma. Helly yule kasimama kwenye korido. Basi bwana akamwacha mke mlangoni, akashikana mikono na wa kazini, wakakimbia.

Sebule kimya. Mama watoto akanigeukia taratibu kama feni.

"Baba Sudi. Kwani nikikuuliza ya kazini, mbona siku zote unasema 'kawaida tu'?"

Shemeji akafungua daftari ukurasa mpya. Nikaona anaandika jina langu. Ikatajwa ovataimu ya Alhamisi. Ikatajwa simu kulalia uso. Jirani, mtu ninayemwazima jiko, akakumbuka kwamba Februari aliniona nashuka daladala kituo kimoja kabla ya chetu, mara mbili.

Sasa ukweli ni mishikaki. Kile kituo kuna mishikaki, nakula mitano nimesimama, nafuta mdomo, nakuja nyumbani kula dagaa na wanangu kama baba mwema. Hilo utalisemaje mbele ya watoto? Nikasema, "Siku zile nilikuwa narudi stoo, tunahesabu mzigo usiku."

Lile jicho moja la Bibi likanitua usoni.

"Stoo gani inahesabiwa usiku, mume wangu?"

Mama watoto akainuka. "Bibi, tumbane sasa hivi?"

"Mwache kwanza, mke mwenzangu," akasema, akivuta khanga kujifunika miguu. "Huyu bado hajawa tayari."