Nilikwama Kit Mikayi, na Si kwa Mapenzi

Najua video mmeiona, ile ya mimi kukwama kati ya majabali ya Kit Mikayi. Shemeji aliituma kwenye kundi la ukoo kabla hata sijajipangusa vumbi, na kesho yake fundi wangu wa viatu hapa Nakuru akaniuliza kama mbavu zimepona. Sasa nisikilizeni mwenyewe, maana ile video inaanzia katikati, imeacha habari ya zipu, na bila zipu mtaniona mjinga kuliko nilivyo.

Ilikuwa juzi, Julai hii hii yenye baridi. Tulikuwa tunawapeleka watoto waliozaliwa mjini wakaone Seme, huko kaunti ya Kisumu, alikotoka babu yao mkubwa. Kiongozi wa msafara nilijiteua. Saa kumi na moja alfajiri nimevaa fulana, sweta, na juu yake lile jaketi la mtumba la manyoya ya bata, lililoshonewa watu wa theluji. Salgaa nikalifunga hadi kifuani. Mau Summit, ambako uko juu ya mita 2,400 na ukungu unakuingia hadi kwenye soksi, nikalimalizia hadi kooni, kwa nguvu, gizani, bila kuangalia.

Hapo ndipo zipu ilipouma kitambaa cha ndani.

Zipu ikiuma kitambaa haivutwi mbele. Unakishika kile kitambaa kwa vidole, unakivuta kando, huku unarudisha kishikio nyuma kidogo kidogo. Ikigoma, unasugua meno yake kwa mshumaa au kipande cha sabuni kavu. Hayo nayajua leo. Siku ile, tulipofika Kericho, niliivuta kama mtu anayewasha jenereta, kishikio kikabaki mkononi. Kulivulia kichwani nako hakuna, shingo yake ilikuwa imenikaba, kidevu kimeketi juu.

Na kutoka pale ni mteremko. Kila mita 1,000 unazoshuka joto linapanda digrii kama 6, na Kisumu iko mita 1,131 tu. Ahero, kwenye mashamba ya mpunga, madirisha yote wazi, watoto wamebaki na vesti, mimi jasho linanitoka hadi masikioni. Mama watoto akauliza kama naumwa. Nikamwambia sisi wenyeji hatusikii joto. (Wewe ungesema nini?)

Kit Mikayi iko kama kilomita 30 kutoka Kisumu, ukishika barabara ya Bondo. Majabali yamebebana hadi unajiuliza nani aliyapanga. Akina mama wakatupokea kwa nyimbo, nami nikaanza kufundisha: jina hilo ni Kidholuo, jiwe la mke wa kwanza. Husimuliwa kwamba mzee Ngeso alilipenda jiwe lile mno, akawa anaingia pangoni asubuhi na kushinda humo, mkewe akimpelekea chai na chakula cha mchana. Akiulizwa mzee yuko wapi, mke anajibu, ameenda kwa mikayi wake.

Watoto wakacheka. Kicheko kikanipanda kichwani. "Njooni niwaonyeshe alipokuwa akipita," nikasema, na ingawa mwelekezi alikuwa ameshatuonyesha njia pana, mimi nikajipenyeza kwenye ufa mwembamba.

Kichwa kikapita. Bega la kulia likapita. Sasa, jaketi lile ni vifuko vifuko vya manyoya na hewa. Ukikibana cha mbele, hewa inahamia cha nyuma. Nikavuta pumzi, kosa kubwa, kwa sababu aliyebanwa hutoa pumzi. Kifua kikajaa, na jiwe lile, kali kama tupa, likashika nailoni. Nikienda mbele, mwili unakwenda, jaketi linabaki, linajikunja mgongoni kama mto wa kulalia. Nikirudi, linajikunja tumboni. Mkono mmoja juu, mmoja chini, kama askari wa trafiki. Nikasikia krrr. Mshono huo. Halafu unyoya mmoja mweupe ukapita mbele ya pua yangu, taratibu, ukizunguka, ukanitua mdomoni.

Mle ndani mama mmoja alikuwa amepiga magoti akisali. Akafungua jicho moja. Akaona nusu mtu, mkono juu, manyoya meupe yakimtoka kwapani. "Nyasaye!" Yaani, Mungu wangu! Wallahi, kwa sekunde mbili alinidhania malaika. Kisha nikapiga chafya, akajua siye.

Nyimbo nje zikakoma. Shemeji, simu juu. Mtoto akauliza, "Baba yuko wapi?" Na yule mwanamke niliyemtolea mahari akajibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Ameenda kwa mikayi wake." Akanipenyezea nusu mandazi. Nikala. Ningefanyaje?

Mwelekezi alinitoa kwa kisu cha kumenyea machungwa: akalipasua jaketi shingoni hadi kiunoni, akaniambia nitoe pumzi yote na kuteremsha mkono wa juu, akanivuta kinyumenyume nilikoingilia. Dakika moja. Nyumbani tulifika, samaki tulikula, kaburi la babu tuliliona.

Ila kurudi tulipita Mau Summit saa tatu usiku. Sweta lilikuwa limelowa jasho, jaketi liko kwenye mfuko wa taka. Nilijifunika leso ya shangazi, ile ya maua ya waridi. Picha hiyo nayo ipo. Msiiombe.